Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi na Milango Sita ya Hesabu



Wapenzi wanafunzi, wengi wenu asubuhi mko shule na alasiri mko hapa chuoni. Sisi tunaowapokea alasiri tunayaona madaftari yenu ya asubuhi, na tunaujua ukurasa ambao wengi hukwama. Ni pale herufi x inapoanza kuzidishwa kwa x yenyewe, na mwalimu wa hesabu akasema kuwa huo ni mlinganyo wa kwadratiki. Wapo miongoni mwenu waliotuambia kuwa hesabu hiyo ililetwa na Wazungu ili kuwachuja watoto wetu wasiendelee na masomo. Wapo pia wazazi, nasi tunawaheshimu, wanaoona kuwa muda unaotumika huko umepunguzwa kwenye Qur'an. Kwa sababu hiyo safari hii hatukumchagua mfasiri wala mpokezi wa hadithi. Tumemchagua mtu wa hesabu, ambaye kitabu chake kinafunguliwa kwa kumhimidi Allah (S.W.) na kumsalia Mtume (S.A.W.), na sehemu yake ya mwisho ni ya wasia na mirathi.

Mtu huyo ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Khwarizm ni nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, kule mto Amu Darya unakoishia. Leo sehemu yake moja iko Uzbekistan na nyingine Turkmenistan. Kuitwa Al-Khwarizmi ni kama sisi huku tunavyomwita mtu Mmachame au Mkibosho. Jina linaeleza asili ya watu wake hata kama yeye mwenyewe amezaliwa mjini. Na kwa huyu bwana jambo hilo lina uzito, kwa kuwa mwanahistoria At-Tabari anamnasibisha pia na Qutrubbul, kitongoji kilichokuwa karibu na Baghdad. Wanahistoria wanakadiria kuwa alizaliwa karibu na mwaka 780, yaani katika miaka ya 160 Hijria. Alikuwa kijana wakati Harun Ar-Rashid anatawala (786 hadi 809).

Baghdad ya wakati huo ulikuwa mji mpya. Khalifa Al-Mansur aliuanza mwaka 762, na kabla ya miaka hamsini kupita ulikwisha kuwa soko la dunia. Bidhaa zilitoka Uchina, Bara Hindi na pwani zetu hizi za Afrika Mashariki, na pamoja na bidhaa zilikuja karatasi na vitabu. Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833, aliipenda mno elimu. Katika hazina yake ya vitabu, iliyojulikana kama Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, wanavyuoni walikusanya vitabu vya Kiyunani, Kiajemi na Kihindi na kuvitia katika Kiarabu. Ibn an-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha ya vitabu mwaka 377 Hijria (987), anamtaja Al-Khwarizmi kuwa miongoni mwa watu wa hazina hiyo.

Tuseme na hili, maana historia haifai kusomwa kwa jicho moja. Al-Ma'mun huyu huyu aliyewalea watu wa hesabu na nyota ndiye aliyeanzisha mwaka 833 mtihani wa kuwalazimisha maulamaa wakiri kuwa Qur'an imeumbwa, mtihani ambao ulimfikisha Imam Ahmad bin Hanbal gerezani, na baadaye kwenye mijeledi katika zama za Al-Mu'tasim. Mwanafunzi anayemsifu Al-Ma'mun kwa vitabu vyake na ajue na hilo.

Ni Al-Ma'mun aliyemhimiza Al-Khwarizmi aandike kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika utangulizi wake mwanachuoni huyu anaeleza kuwa amekusudia yale yaliyo mepesi na yenye manufaa, ambayo watu hawaachi kuyahitaji katika mirathi na wasia, katika kugawana, katika kesi na biashara, na pia katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Tuliposoma hapo kwenye mifereji tulitabasamu, kwani sisi watu wa Kilimanjaro mifongo tunaijua. Wazee wetu waliyachepusha maji ya mito ya mlimani yakashuka kwa mteremko hadi kwenye vihamba, na kila aliyeshiriki kuchimba alijua zamu yake. Mtu wa Baghdad, kwenye mifereji ya Tigris na Furati, alikuwa na shida ile ile: ardhi ipimwe, kazi igawanywe, na asidhulumiwe mtu.

Katika utangulizi huo anataja pia aina tatu za watu wa elimu. Wa kwanza ni yule anayegundua jambo ambalo halikujulikana kabla yake. Wa pili hufafanua yale ambayo waliotangulia waliyaacha katika ugumu. Wa tatu hukuta kasoro katika kitabu cha mwenzake akairekebisha, huku akimdhania mwenzake mema wala hajivuni kwa kazi hiyo. Sisi tunaona kuwa yeye alikuwa hasa wa aina ya pili, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza tuyajue maneno yake matatu, kwani mawili kati ya hayo Mswahili hayaoni kuwa mageni. Kitu kisichojulikana, ambacho shuleni mnakiandika x, yeye alikiita jidhri, yaani mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe, yaani x², alikiita mali. Naam, mali hii hii tunayoisema kila siku. Na namba peke yake, isiyofungamana na mzizi wala mali, aliiita adadi, na mara nyingi aliihesabu kwa dirhamu. Hakutumia herufi wala alama yoyote. Kitabu kizima, hata zile namba, kimeandikwa kwa maneno matupu. Kwa hiyo mwanafunzi anayelalamika kuwa x inamchanganya angefurahi kusoma kwa Al-Khwarizmi, walau kurasa mbili za mwanzo.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo ndilo sababu ya makala hii. Alitazama vitu hivyo vitatu akauliza: vinaweza kulinganishwa kwa njia ngapi? Akapata milango sita wala haizidi. Mali inaweza kuwa sawa na mizizi. Mali inaweza kuwa sawa na adadi. Mizizi inaweza kuwa sawa na adadi. Hiyo ni milango mitatu myepesi. Kisha ipo mitatu ya mchanganyiko: mali na mizizi kwa pamoja ni sawa na adadi, au mali na adadi ni sawa na mizizi, au mizizi na adadi ni sawa na mali. Kila swali linaloletwa, liwe la shamba au la biashara, likisafishwa vizuri litasimama mbele ya mlango mmojawapo, na kila mlango una ufunguo wake. Basi kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kuutambua mlango, na kukokotoa kunafuata baadaye.

Shuleni leo mnafundishwa umbo moja tu: ax² + bx + c = 0, na a isiwe sifuri. Mnaweza kuuliza kwa nini yeye alihitaji sita. Sababu ni kuwa yeye hakukubali namba zilizo chini ya sifuri. Kwake adadi ni kitu cha kuhesabika, kama dirhamu mkononi au dhiraa za ardhi, na hakuna shamba lenye upana wa kutoa kumi na tatu. Kwa hiyo kila kitu alikiweka upande ambao kinaonekana kwa kuongezwa. Baadaye watu walipozikubali namba hasi, milango ile ikaunganishwa kuwa nyumba moja. Ila mlango wa tatu, mizizi sawa na adadi, hauna mali ndani yake, na huo si wa kwadratiki. Mitano iliyobaki yote ni kwadratiki.

Sasa swali linasafishwaje? Hapa ndipo yanapoingia maneno mawili yaliyo katika jina la kitabu. Al-jabr ni kuunga au kurejesha kilichovunjika. Hispania ya zamani mtu wa kuunga mifupa aliitwa kwa neno lililotokana na hilo. Katika hesabu, upande uliopunguziwa kitu ni kama mfupa uliovunjika; unarudishiwa kilichopungua, na upande wa pili unaongezewa kiasi hicho hicho ili usawa usipotee. Al-muqabala ni kukabilisha, na Kiswahili chetu kina mkabala na kukabili kutoka shina hilo hilo. Vitu vya jinsi moja vilivyo pande zote mbili vinakabilishwa, kidogo kinatolewa katika kikubwa, kinachobaki kinabaki upande mmoja.

Tuchukue moja ya mifano yake mwenyewe. Kumi imegawanywa mafungu mawili. Kila fungu limezidishwa kwa lenyewe, na majibu mawili yakijumlishwa yanakuwa 58. Mafungu hayo ni yapi? Mtu akilisoma haraka hataona mali wala mzizi. Tuliite fungu moja mzizi. La pili basi ni kumi kutoa mzizi. La kwanza likizidishwa kwa lenyewe ni mali. La pili likizidishwa kwa lenyewe ni mia moja na mali, kutoa mizizi ishirini. Jumla: mia moja na mali mbili, kutoa mizizi ishirini, ni sawa na 58. Mfupa uliovunjika ni ile mizizi ishirini iliyotolewa. Tuuunge: mia moja na mali mbili ni sawa na 58 na mizizi ishirini. Tugawe kila kitu kwa mbili, kwa kuwa yeye hupenda mali iwe moja: hamsini na mali moja ni sawa na 29 na mizizi kumi. Adadi ziko pande zote mbili, tuzikabilishe: toa 29 katika 50, inabaki 21. Sasa swali limesimama wazi: mali na 21 ni sawa na mizizi kumi. Ni mlango wa tano.

Ufunguo wa mlango huo ni huu. Chukua nusu ya mizizi, ambayo ni 5, uizidishe kwa yenyewe upate 25. Toa 21, inabaki 4, na kipeuo chake cha pili ni 2. Ukiitoa 2 katika 5 unapata 3, ukiiongeza unapata 7. Yote mawili ni majibu, nayo ndiyo mafungu yetu: 9 na 49 jumla yake ni 58. Hapo hapo anatoa tahadhari ambayo waalimu wengi huisahau. Ikiwa nusu ya mizizi iliyozidishwa kwa yenyewe ni ndogo kuliko adadi, swali hilo haliwezekani. Na ikiwa ni sawa nayo, basi jibu ni nusu ya mizizi, bila kuongeza wala kupunguza. Alilijua hilo takriban miaka 1,200 iliyopita, na bado mtoto wa leo anaweza kuhangaika nusu saa na swali ambalo lingepimwa kwa dakika moja na kuonekana halina jibu.

Mfano wake uliopata sifa kuliko yote ni wa mlango wa nne: mali na mizizi kumi ni sawa na 39. Huu tuuweke kwenye ardhi yetu, kwani naye pia aliuthibitisha kwa mchoro. Chukua kitalu cha miche ya kahawa chenye umbo la mraba, ambacho upande wake hatuujui. Ubavuni pana ukanda wa migomba ulio na urefu sawa na upande wa kitalu, na upana wa hatua kumi. Kitalu na ukanda kwa pamoja ni hatua za mraba 39. Kata ule ukanda katikati upate kanda mbili za upana wa hatua tano tano. Mmoja uache pale pale, wa pili uhamishie kwenye ubavu unaofuata wa kitalu. Ukitazama sasa utaona karibu mraba mkubwa, isipokuwa pembe moja imepungua. Pembe hiyo ni tano kwa tano, yaani 25. Ijaze: 39 na 25 ni 64, na mraba wa 64 una upande wa 8. Ondoa zile hatua tano, kitalu kina upande wa hatua 3. Hakiki: tatu mara tatu ni 9, na ukanda wa tatu kwa kumi ni 30, jumla 39.

Hiyo ndiyo mbinu ambayo mwalimu wenu wa asubuhi anaiita kukamilisha mraba. Imeitwa hivyo kwa sababu kweli kuna mraba, na kweli kuna pembe iliyopungua. Shuleni mtapata na jibu la pili, kutoa 13, na mtapewa alama zenu. Kwa mwenye kitalu jibu ni moja.

Lipo jambo jingine la kutambua, nalo ndilo huwaponza wengi katika mitihani. Si kila penye mali ni kwadratiki. Mali na mizizi mitano ikiwa sawa na mali na 20, mwanafunzi wa haraka ataona x² akaanza kutafuta kanuni ndefu. Akikabilisha kwanza, mali mbili zinaondoana, inabaki mizizi mitano sawa na 20, na mzizi ni 4. Ulikuwa mlango wa tatu tangu mwanzo. Na kinyume chake, lile swali la kumi na 58 halikuonyesha mali hata moja lilipotamkwa. Kwa hiyo mlango hautambuliwi kabla ya kuunga na kukabilisha.

Sasa turudi kwenye zile aina tatu za watu wa elimu. Tumesikia katika mihadhara, hata hapa mjini Moshi, ikisemwa kuwa kabla ya Waislamu hapakuwa na hesabu duniani. Hayo si kweli, na mtu hamtukuzi mwanachuoni kwa kumsingizia. Watu wa Babeli, katika nchi hiyo hiyo ya Iraq, waliandika maswali ya namna hii kwenye vigae vya udongo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Brahmagupta wa Bara Hindi aliandika kanuni ya kuyatatua mwaka 628. Wayunani walikuwa na uthibitisho wa michoro. Hata zama zake mwenyewe alikuwapo Abdulhamid bin Turk, aliyeandika juu ya mambo hayo hayo. Alilolifanya Al-Khwarizmi ni kuyapanga: kuonyesha kuwa milango ni sita tu, kuupa kila mmoja kanuni na uthibitisho, kisha kuyaandika kwa lugha ambayo kadhi na mfanyabiashara wanaielewa. Kwetu sisi tunaofundisha, kazi hiyo si ndogo kuliko ugunduzi. Mtu anayejua njia ni mmoja. Anayewawekea wengine alama njiani ni mwingine, na ni nadra kumpata.

Tufike kwenye sehemu ya mwisho ya kitabu, ambayo ni karibu nusu yake. Ni wasia na mirathi. Mwenyezi Mungu amekwisha taja mafungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na Mtume (S.A.W.) aliweka mpaka wa wasia kuwa theluthi katika hadithi maarufu ya Sa'd bin Abi Waqqas. Lakini maisha ya watu hayaji yakiwa yamepangwa vizuri. Al-Khwarizmi anaanza na mtu aliyefariki akaacha wana wawili. Fedha mkononi ni dirhamu kumi, na mwana mmoja alikuwa akidaiwa na baba yake dirhamu kumi. Marehemu aliusia theluthi kwa mtu asiye mrithi. Fedha zilizopo ni kumi tu, na mdaiwa hana cha kulipa leo isipokuwa fungu lake. Yeye anaita kiasi kitakachokatwa kwenye deni kuwa ni kitu, yaani x. Theluthi moja inakwenda kwa mwenye wasia na theluthi moja moja kwa kila mwana, kwa hiyo mafungu yote ni sawa na kila moja ni kitu kimoja. Kumi na kitu kimoja ni sawa na vitu vitatu. Kabilisha: kumi ni sawa na vitu viwili, kitu ni 5. Mwenye wasia anapata 5 mkononi, mwana asiye na deni anapata 5 mkononi, na mdaiwa fungu lake la 5 linakatwa katika deni lake.

Wanafunzi makini wataona kuwa hapa hakuna mali. Ni mlango wa tatu. Ni kweli, na maswali yake ya mirathi karibu yote ni ya namna hiyo. Hatutawadanganya kuwa bila kwadratiki huwezi kugawa mirathi. Tunalosema ni kuwa mtu aliyejizoeza kuuliza kwanza ni mlango gani ndiye atakayekaa na karatasi ya mirathi bila kutetemeka. Wazazi wetu wa Machame, Uru, Old Moshi na kwingineko mlimani wanajua jinsi kihamba cha babu kinavyozidi kuwa chembamba kila kizazi, na jinsi familia zinavyofikishana mahakamani kwa mpaka wa hatua mbili. Katika meza hizo tumekwisha kuona mzee mwenye nia njema akishindwa kujumlisha sudusi na thumni, na fungu la mjane likapotea kwenye makadirio. Hakukusudia dhuluma. Fungu lilipotea vilevile.

Kazi zake nyingine tuzipitie kwa ufupi. Aliandika kitabu cha hesabu za Kihindi, yaani zile tarakimu tisa pamoja na kiduara kidogo cha mahali patupu, ambacho sisi tunakiita sifuri kwa neno la Kiarabu. Aliandika majedwali ya nyota yanayoitwa Zij as-Sindhind, na kitabu cha Surat al-Ardh kinachotaja mahali 2,402 pamoja na vipimo vyake vya longitudo na latitudo, akisahihisha mengi ya Ptolemy. Nakala yake iko Strasbourg, Ufaransa, na ndani yake mna ramani ya mto Nile ukianzia kwenye Milima ya Mwezi. Wapo wapenzi wa mlima wetu wanaopenda kuiona Kibo katika milima hiyo, na wengine wanasema ni Ruwenzori. Jina hilo lilitoka kwa Ptolemy, nasi hatumtwishi Al-Khwarizmi habari ya theluji yetu.

Tahadhari moja kwa wanaotafuta habari zake: zama hizo hizo Baghdad palikuwa na Muhammad bin Musa mwingine, mmoja wa ndugu watatu wana wa Musa bin Shakir, naye pia mtu wa nyota na hesabu. Visa vya wawili hawa huchanganywa mara nyingi.

Al-Khwarizmi anakadiriwa kufariki karibu na mwaka 850. Baada yake Abu Kamil wa Misri alikichukua kitabu chake akakipanua. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikitia katika Kilatini mjini Segovia, Hispania, na katika karne hiyo hiyo Gerard wa Cremona naye akakifasiri. Watu wa Ulaya hawakupata neno la kuitafsiri al-jabr, wakaliacha kama lilivyo, ndiyo aljebra yenu ya shuleni. Jina lake mwenyewe, kwa kutamkwa Kilatini, likageuka kuwa neno algorithimu, ambalo watu wa kompyuta wanalitumia kumaanisha hatua za kufuata mpaka jibu lipatikane. Nakala ya Kiarabu iliyoandikwa mwaka 743 Hijria (1342) ilihifadhiwa Oxford, na kutoka hiyo kitabu kilichapwa London mwaka 1831 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Tunaacha maswali manne kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, wavulana kwa wasichana. La kwanza: mali mbili na mizizi kumi ni sawa na 48. La pili: shamba la mstatili, urefu wake unazidi upana kwa hatua sita, na eneo lake ni hatua za mraba 40, upana ni hatua ngapi? La tatu: mali na mizizi sita ni sawa na mali na 30. La nne: gawa kumi na mbili mafungu mawili ambayo yakizidishana yanatoa 40. Atakayeleta jibu kwa mwalimu wa darasa lake aandike kwanza jina la mlango, kisha hesabu. Na kwa lile la nne, asome tena ile tahadhari ya mlango wa tano kabla hajakata tamaa na kalamu yake.